ALIYEONDOKA ANA FUNGU NYUMBANI?

Swali hili huulizwa sana kati yetu, hasa zikifika habari za ndugu waliobaki: je, aliyetoka nchini kwake bado ana fungu katika mambo ya nyumbani, au fungu lote ni la wale waliovumilia kule? Tumeona vema kulitazama kwa mfano wa mbali, ambao hakuna kati yetu mwenye upande ndani yake.

Watu wa Ireland wana mpira wao wa asili, unaochezwa kwa mikono na miguu, watu 15 kila upande. Enzi zile ukipita juu ya mwamba ilikuwa pointi moja. Ukiingia wavuni ni goli, yaani pointi tatu. Timu ni za kaunti, na zamani hizo mashindano yalikuwa ya mtoano: ukishindwa mara moja, mwaka wako umekwisha. Fainali ilikuwa sikukuu ya Dublin, katika uwanja wa Croke Park.

Lakini fainali ya mwaka 1947, kati ya Cavan na Kerry, ilichezwa New York, katika uwanja wa besiboli ulioitwa Polo Grounds. Ni fainali pekee iliyowahi kutoka nje ya Ireland. Aliyelipigania sana jambo hilo alikuwa padre mmoja wa kaunti ya Clare, Michael Hamilton. Ilikuwa imetimia miaka 100 tangu 1847, mwaka uliokuwa mbaya kupita yote katika njaa kuu iliyoanza 1845, ugonjwa ulipoharibu viazi. Watu kama milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakakimbia, wengi wao kwenda Amerika. Na wakati huo huo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza! Hivyo wale waliokimbia hawakuwa wana wapotevu waliodai urithi wao na kwenda kuutapanya. Walisukumwa.

Wengine ndani ya chama cha mchezo huo walipinga, na sisi hatuwezi kuwacheka. Aliyebaki naye ni mtoto wa njaa ile ile. Amelima shamba mwaka mzima, amengoja siku yake moja ya furaha, kisha anaambiwa imepelekwa ng'ambo ya bahari. Tena waliofika uwanjani New York hawakutimia 35,000, wakati fainali ya 1946 ilikuwa imevuta zaidi ya 70,000 Dublin. Mwenye kupenda hesabu angesema wageni walipewa wasichokihitaji. Sisi twaona haki haipimwi kwa wingi wa viti vilivyojaa. Mtu hanyimwi fungu lake kwa sababu ndugu zake wengine hawakuja kulichukua.

Tena nani hasa ni wa nyumbani? Mmoja wa waliofunga goli la Cavan siku ile, Mick Higgins, alizaliwa New York, akapelekwa Ireland akiwa mtoto. Angeulizwa kwao ni wapi, angejibu nini?

Kilichotugusa zaidi ni jambo la redio. Miaka yote aliyeondoka ndiye hutega sikio apate habari za kwao. Jumapili ile, tarehe 14 Septemba, waliobaki ndio walikaa kusikiliza, na walioondoka ndio walikuwa uwanjani. Sisi twasema hiyo haikuwa dhuluma. Ilikuwa zamu.

Mtangazaji alikuwa Michael O'Hehir. Laini ya sauti ilikuwa imekodiwa kwa saa maalum, na mchezo ulichelewa. Muda ukikaribia kwisha, akaomba hewani, yeyote aliye njiani kwenye laini ile, amwachie dakika tano tu. Hakujua kama kuna anayemsikia. Laini haikukatwa, na Ireland ikasikia mpaka filimbi ya mwisho: Cavan magoli 2 na pointi 11, Kerry magoli 2 na pointi 7.