Asali Katika Mkojo

Neno letu sukari limetufikia kutoka Kiarabu. Waarabu walilipata kwa Waajemi, na Waajemi walilitoa Bara Hindi. Huko huko ndiko maradhi ya kisukari yalikopewa jina zamani sana. Matabibu wa kale wa Ayurveda waliyaita madhumeha, yaani mkojo wa asali, maana waliona sisimizi wakiuandama mkojo wa mgonjwa. Kitabu kinachonasibishwa na Sushruta, ambacho umri wake wapita miaka 1,500, chawatenga wagonjwa wa namna mbili: aliyezaliwa na ila hiyo, naye hukonda, na aliyeipata kwa mlo mbaya na uvivu, naye hunenepa. Tiba mojawapo ni mgonjwa atembee mwendo mrefu, achunge ng'ombe, au achimbe kisima. Sidhani kama yupo daktari wa leo atakayelicheka agizo hilo. Thomas Willis wa Uingereza aliandika habari za utamu huo mwaka 1674.

Je, aliyetangulia kuona tumheshimu vipi? Wapo wasemao kuwa heshima ni kuzinywa dawa zake bila kuuliza. Mimi sikubali. Upo mmea uitwao gurmar, maana yake mwangamiza sukari. Ukiyatafuna majani yake, ulimi husahau utamu kwa muda, na sukari mdomoni huwa kama mchanga. Lakini kikombeni sukari ingalimo. Kilichofumbwa ni ulimi. Huenda mmea huo, na karela, na uwatu, hupunguza kidogo sukari ya damu kwa baadhi ya watu. Wataalamu wangali wakipima. Ila mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini hawezi kungojea vipimo. Kabla ya Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto, mtoto wa namna hiyo alikuwa hana ila kufa, awe India, awe Ulaya. Akiachishwa sindano leo kwa ajili ya fahari ya mababu, atakufa vile vile, na fahari hiyo itakuwa imelipiwa na asiyeulizwa.

Wala dawa haiwi salama kwa kuwa ni ya asili. Mwaka 2004 wachunguzi walitangaza matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani: 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Hata hivyo, iko dhuluma ya upande wa pili, nayo hutendwa na watu waliosoma. Bibi kizee ataja karela lake mbele ya daktari; daktari amkemea, wala hamwulizi anywa kiasi gani, tangu lini, pamoja na vidonge gani. Siku ya pili bibi hatasema tena. Ataendelea kunywa kwa siri, na maji ya karela yakikutana na vidonge huweza kuishusha sukari kupita kiasi. Hapo bibi ataletwa amezimia, na daktari hatajua kwa nini.