Kabla ya Kutia Sahihi na Wenye Kozi

Wanangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mpango wenu nimeusikia na nimeupenda. Mwataka kuwafundisha wenzenu kutengeneza tovuti, upande ule anaouona mtu akifungua simu yake, na mwataka kushirikiana na wenye kozi za mtandaoni kwa kuwa mitaala wanayo tayari. Nisikilizeni kidogo kabla hamjatia sahihi.

Masomo yenyewe si haba. HTML, CSS na JavaScript, lugha tatu za kazi hii, freeCodeCamp inazifundisha bure tangu 2014. MDN, ambayo mafundi wa tovuti wa dunia nzima huitegemea kwa maelezo, ina leseni inayowaruhusu kunakili na hata kutafsiri kwa Kiswahili bila kumwomba mtu, mradi mtaje chanzo na tafsiri yenu muiachie wengine kwa masharti yale yale. Kwa hiyo mwenye kozi akiwaambia amewaletea elimu, mshukuruni, lakini jueni elimu ilikuwako kabla yake.

Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mwanafunzi. Mwaka 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science hesabu ya kozi za mtandaoni za Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, kwa kila walioandikishwa 100, waliomaliza ni kama 3 tu, na wengi wa wanafunzi hao walitoka nchi tajiri. Sasa mfikirieni kijana wa Mtongwe anayesoma kwa simu. Bando linakatika katikati ya video. Ukurasa wake haufunguki kwa sababu ya alama moja aliyosahau kuifunga, na usiku ule hana wa kumuuliza. Siku ya tatu ataacha, kisha atajiona mjinga maisha yake yote, na ujinga hana. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mwaka 2018 Google iliwafadhili Waafrika kwa nafasi 15,000 za masomo ya mtandaoni ya Udacity, katika tovuti za simu na programu za Android, pamoja na nafasi 500 za kozi ndefu. Tazameni kazi walivyoigawa. Google ilitoa fedha, Udacity ilitoa masomo, na kampuni ya Andela ikapewa kazi ya kuwakusanya wanafunzi na kuwaongoza. Wenye uwezo wote ule hawakuamini kwamba video peke yake zingetosha! Kazi aliyopewa Andela ndiyo kazi yenu, na kwa vijana wa Chaani au Mlaleo hakuna anayeiweza kuwashinda nyinyi. Mkilijua hilo, hamtakwenda kwa mwenye kozi kama waombaji.

Wala msijifunge kwa mmoja. Septemba 2019 Andela hiyo hiyo iliwaachisha kazi mamia ya mafundi wachanga wa programu Nigeria na Uganda, na wa Kenya hawakusalimika, kwa kuwa makampuni yaliyokuwa yakiwachukua yalitaka wazoefu. Udacity nayo ilinunuliwa na Accenture mwaka 2024. Siwalaumu, biashara hugeuka. Lakini orodha ya wanafunzi wenu iwe mikononi mwenu na ilindwe kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kazi za kila mwanafunzi ziwe katika akaunti yake mwenyewe ya GitHub, ili mshirika akiondoka asiondoke nazo.

Ujana wangu niliumalizia kwenye uwakala wa forodha hapa Changamwe, nikisoma hati na mikataba. Nilijifunza kuanza na kifungu kinachosema mkataba utakwishaje. Ufadhili ukikatika mwanafunzi akiwa katikati ya kozi, itakuwaje? Cheti nani analipia? Kwingi kujifunza ni bure na cheti ni pesa. Coursera ina msaada wa ada, lakini kila mwanafunzi huuomba mwenyewe kwa maandishi, basi wafundisheni kuandika maombi hayo mapema.

Darasa liwe huku ng'ambo ya kisiwa. Swahilipot Hub kule kisiwani karibu na Fort Jesus wamewalea vijana wengi tangu 2016, nawaombea heri. Ila binti wa Likoni akitoka masomoni magharibi akakutana na msongamano wa feri, wiki ya pili mama yake atamzuia, na mama ana haki. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa 2009, na intaneti ya nchi hii ikapita pwani yetu kwenda bara. Haifai mtoto wa pwani hiyo avuke maji ndipo aipate.

Na asihitimu mtu kwa cheti peke yake. Kila mmoja atengeneze ukurasa wa mtu halisi: mwenye nyumba za wageni Bamburi, fundi cherehani wa Kisauni, wakala mdogo wa mizigo. Uwe mwepesi, ufunguke kwenye simu ya bei ndogo yenye mtandao dhaifu, na mteja mwenyewe auangalie na kuukosoa. Hapo atajifunza kupatana bei, kusikiliza na kurekebisha, mambo ambayo sijaona kozi inayoyafundisha vizuri.

Barua ya kwanza kwa mwenye kozi ianze na mlicho nacho: chumba, saa za darasa, idadi ya kompyuta, na wasaidizi wawili wanaoijua kazi. Hao wasaidizi walipwe, hata kama ni kidogo, na malipo yao yaandikwe ndani ya mkataba. Rasimu ikifika, nileteeni Ijumaa baada ya swala, na msaidizi mmoja awepo, maana mzigo huo ataubeba yeye.