Migingo ni ya Nani? Kuna Swali Linalotangulia

Kaa na wavuvi wa Muhuru Bay kule Migori, au wa Mbita, Homa Bay, uwaulize habari za Migingo. Mjadala utaanza na ramani: ni ya Kenya ama ya Uganda? Kisiwa chenyewe hakifiki hata ekari moja. Polisi wa Uganda walipiga kambi pale 2004, na tangu hapo ramani haijamrudishia mtu injini iliyoibwa usiku.

Mimi nauliza hivi: mwenye bunduki na anayetoza ushuru, anamlinda nani?

Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, iliamua kwamba jeshi la Uganda liliikalia Ituri, Kongo, kwa hivyo lilipaswa kuwalinda raia hata dhidi ya vikundi vingine vyenye silaha. Mwaka 2022 ikaamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Sawa, Migingo si Ituri, hakuna vita. Lakini ukishika mahali, umeshika na watu wake.

Utaniambia, tukiwadai ulinzi si tutakuwa tumewapa kisiwa? Hapana. Aliyechukua ng'ombe wako kwa nguvu lazima amlishe, na majani anayompa hayamfanyi ng'ombe kuwa wake.

Nairobi nayo isijifiche hapo. Huwezi kusema kisiwa ni chako, halafu mvuvi akipigwa useme ni mbali.