Kutoa Katika Majilio, Vihenge Vikiwa Vitupu

Majilio ni zile Jumapili nne zitanguliazo Noeli. Tangu zamani Kanisa limewafundisha watu kuingoja sikukuu hiyo kwa kujinyima na kwa kuwakumbuka maskini. Katika karne ya 5 Perpetuus, Askofu wa mji wa Tours katika nchi iitwayo sasa Ufaransa, aliwaamuru watu wake wafunge siku tatu katika kila juma, tangu sikukuu ya Mtakatifu Martini, tarehe 11 Novemba, hata Noeli. Papa Leo wa Kwanza, aliyeliongoza Kanisa la Roma tangu 440 hata 461, alihubiri mara nyingi juu ya saumu ya Desemba. Aliwafundisha watu kwamba chakula ajinyimacho mfungaji kiende kwa mwenye njaa, naye akawakumbusha kwamba wakati huo mazao yote ya mwaka yamekwisha kukusanywa.

Hapo ndipo swali letu lianzapo. Huko Roma Desemba ni mwezi wa ghala zilizojaa. Kwetu sivyo. Katika sehemu nyingi za katikati na kusini mwa Tanzania, kama Ugogo, mvua huanza mwisho wa Novemba au katika Desemba. Mtama na uwele wa mwaka uliopita umekwisha kupungua, na mavuno mapya ni mbali. Majilio hutukuta na jembe mkononi, na kihenge karibu kitupu. Je, yampasa mtu kutoa wakati ambapo akiba yake mwenyewe haina hakika ya kumfikisha mavunoni?

Wako wasemao, “Kwanza watoto wangu.” Neno hili si ovu, Mtume Paulo amemlaumu vikali mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Tena Yohana Mbatizaji, ambaye habari zake husomwa sana katika Majilio, makutano walipomwuliza wafanye nini, hakumtaka mwenye kanzu moja aivue. Alisema na mwenye kanzu mbili. Hata Martini, kama isimuliwavyo, alilikata joho lake vipande viwili akampa maskini kimoja, na kimoja akabaki nacho. Basi hatuambiwi tuwalaze watoto na njaa. Twaambiwa tuhesabu kwa kweli: kipi ni chakula cha nyumba, na kipi twakiweka kwa pombe ya sikukuu, au kwa kuuza bei itakapopanda? Mara nyingi hesabu hiyo ndiyo tuikwepayo, tukasema hatuna. Wazee walinena kweli kwamba kutoa ni moyo, si utajiri.

Wengine hunena, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye njaa na aje alime kwangu, nimpe debe.” Neno hili lina sura ya hekima, nasi yatupasa kulichungua. Kwanza, njaa si alama ya uvivu. Wakati wa Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hata 1920, majeshi ya vita yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosa. Mwenye bidii na mvivu waliumia pamoja. Pili, yatupasa kuuliza: jembe hilo atalilimia shamba la nani? Majuma ya kupanda na kupalilia ni machache. Mtu akishinda shambani mwa jirani ili apate chakula cha leo, shamba lake mwenyewe hupandwa kwa kuchelewa na kumezwa na magugu. Mavuno yake huwa haba, na Majilio yajayo atarudi mlango ule ule. Tajiri wake atasema amemsaidia kila mwaka, kumbe kila mwaka amemfunga zaidi. Ni hivyo hivyo kwa yule anunuaye mtama ungali mbichi shambani kwa bei ya chini, kwa kuwa mwenye shamba hana la kufanya.

Shauri hili si geni katika Maandiko. Torati ilimkataza Mwisraeli kumpa ndugu yake maskini chakula kwa kutaka faida. Nehemia alipoona wakuu wa Yerusalemu wamechukua mashamba ya ndugu zao wakati wa njaa, hakuwaambia watoe sadaka kidogo zaidi. Aliwaambia warudishe mashamba, waache na riba.

Basi mpe mwenye njaa jembe, lakini alime kwake. Chakula cha juma moja wakati wa kupanda chaweza kumfaa kuliko gunia zima wakati wa mavuno. Asiye na mbegu na apewe mbegu. Mjane na mgonjwa na walimiwe na vijana wa mtaa siku moja. Nawe ukikopesha debe, lipokee debe lile lile wala usiongeze.

Tena tutoe bila kumwaibisha mtu. Tarehe 6 Desemba Wakristo wengi humkumbuka Nikolao, Askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ya Uturuki ya sasa. Husimuliwa kwamba alitupa dhahabu usiku dirishani mwa mtu maskini mwenye binti watatu, asitake kujulikana. Kwetu kijijini hakuna lisilojulikana; lakini yawezekana kupeleka kikapu jioni kwa mkono wa mtoto, na kutolitaja jambo hilo kisimani wala mlangoni mwa kanisa.

Bwana wetu alizaliwa kwa watu waliokuwa njiani, wakakosa nafasi katika nyumba ya wageni. Kabla ya kupamba kanisa kwa matawi, kila mmoja wetu na aende akatazame shamba la jirani yake, kama limepandwa.