Taji ni Watu

Somo: 1 Wakorintho 9:19–27

Alfajiri hapa Gilgil, malori yakiwa bado hayajapanga foleni kwenye mizani, barabara ni ya wakimbiaji. Wapo makuruta wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), wapo wanajeshi wa kambini, na wapo vijana wa mitaani wanaokimbia kwa tumaini tu. Wiki jana mmoja wao alisimama karibu nami kufunga kiatu. Soli ilikuwa imebanduka, ameishikiza kwa ukanda wa mpira. Akakaza fundo, akapulizia vidole pumzi kwa ile baridi, akatimua mbio kuwafuata wenzake. Nikamkumbuka Paulo.

Wakorintho walizijua mbio. Michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao kila baada ya miaka 2, na mshindi alivishwa taji la majani. Majani hunyauka. Paulo asema wanariadha hujinyima mengi kwa ajili ya taji la namna hiyo, sisi je, tunaolitazamia lisiloharibika?

Mara nyingi tunaanza kusoma kwenye mstari wa 24, tukahubiri nidhamu, tukamaliza. Turudi mpaka mstari wa 19. Hapo Paulo, mtu huru, anasema amejifanya mtumwa wa wote ili awapate wengi. Mbio zake ni za kuwatafuta watu. Ndiyo sababu anautiisha mwili wake: anayeburutwa na tamaa zake atambeba nani? Na katika 1 Wathesalonike 2:19 analitaja taji lenyewe. Taji lake ni wale waumini aliowalea.

Hapa Bonde la Ufa tunaye mzee aliyetuonyesha jambo hili kwa maisha yake, mwanariadha Kipchoge Keino. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki kule Mexico alikuwa mgonjwa, anaumwa kibofu cha nyongo, na katika mbio za mita 10,000 alianguka. Madaktari wakamwonya asikimbie tena. Siku ya fainali ya mita 1,500 gari alilopanda lilikwama kwenye msongamano, akashuka, akakimbia hadi uwanjani. Akamwacha Jim Ryun wa Marekani mbali nyuma, akatwaa dhahabu. Mwaka 1972 akaongeza nyingine Munich, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Angeweza kuishia hapo, akaketi kuhesabu medali. Lakini yeye na mkewe, Mama Phyllis, waliwafungulia mlango watoto wasio na wazazi, na nyumbani kwao Eldoret wakalelewa watoto zaidi ya 100. Mwaka 1999 ikaanzishwa shule ya msingi, baadaye ya sekondari. Akawafundisha pia wakimbiaji waliokuja nyuma yake. Yakobo 1:27 huiita kazi kama hiyo dini iliyo safi. Na Rio mwaka 2016, alipokuwa mtu wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Olympic Laurel, aliingia uwanjani akikimbia, amezungukwa na watoto. Nilipoiona picha ile, nilielewa maneno ya Paulo kuliko nilivyoyaelewa kwa mahubiri mengi.

Mpendwa, mstari wa 27 unatuonya: mtu anaweza kuwahubiria wengine, kisha mwenyewe akakataliwa. Mimi nilimtazama yule kijana akiondoka na kiatu chake kilichofungwa mpira, nikaenda zangu kanisani kuomba. Sala yangu ilikuwa ndefu. Mkono wangu haukunyooka.

Jumamosi hii nitasimama pale pale barabarani nikiwa na jozi ya viatu. Wewe uliyestaafu kazi, wewe mwalimu, wewe mama wa sokoni, yupo mtu anayekimbia kando yako, na unajua anakosa nini. Mfuate kabla hajafika mbali.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyejifanya mtumwa ili utupate sisi, utupe macho ya kumwona mwenzetu na miguu ya kumfuata. Amina.