BAADA YA KALAMU KUWEKWA CHINI



Kila mwaka, mnamo mwezi wa Mei, vijana wetu wa Kidato cha Sita huingia vyumba vya mtihani nchini kote, na katika siku wanazoziogopa mojawapo ni ile ya Kemia. Saa zikitimia, msimamizi hukusanya karatasi za majibu, huzihesabu, huzitia katika bahasha na kuifunga. Basi hapo mlangoni huanza mtihani mwingine ambao Baraza la Mitihani halikuutunga. “Swali la tatu umepata ngapi?” Mmoja huokota kijiti na kuandika hesabu mchangani, wengine humzunguka, na kila tarakimu inayoandikwa humfurahisha huyu na kumchoma yule.

Juu ya mtihani huo wa pili twataka kusema neno leo. Twamfikiri hasa kijana wa namna tunayoijua vema: mtoto wa mfugaji wa Olbalbal, kule bondeni chini ya milima ya Ngorongoro, ambako maji ya korongo la Olduvai hufika na kukomea. Ameliacha boma la wazazi wake ili asome Fizikia, Kemia na Baiolojia katika shule ya bweni iliyo mbali. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa masomo 2022/2023 Serikali imeondoa ada ya Kidato cha Tano na cha Sita. Lakini nauli, godoro na madaftari bado vyataka fedha, na fedha ya mfugaji hutembea kwa miguu minne. Kijana huyo aonapo jibu lake halifanani na la wenzake, haoni tarakimu tu. Anaona ng’ombe waliouzwa.

Je, kulinganisha majibu ni kosa? La, hasha! Ni desturi njema ya wenye elimu, na mfano wake mzuri u karibu kabisa na nyumbani kwa kijana wetu. Tarehe 17 Julai 1959, katika korongo lile lile la Olduvai, Bibi Mary Leakey aliona fuvu la kale ambalo habari zake zilienea dunia nzima. Mumewe, Louis Leakey, alikisia umri wake kuwa kama miaka laki sita. Kisha wakaja wataalamu Evernden na Curtis, wakapima potasiamu na agoni katika mawe ya volkano ya mahali pale, na jibu lao likawa karibu mara tatu ya lile la kwanza: miaka 1,750,000 hivi. Leakey alifanya nini? Hakununa, wala hakuwaita waongo. Mwaka 1961 jibu hilo lilipotangazwa, jina lake lilikuwamo pamoja na majina yao. Hivyo ndivyo wanavyolinganisha majibu watu wanaoupenda ukweli kuliko sifa zao. Na tazameni, kazi yenyewe ilikuwa ya kemia!

Lakini pale mlangoni mwa chumba cha mtihani mara nyingi hautafutwi ukweli. Tuchukue mfano. Wameulizwa kipimo cha pH cha mmumunyo wa amonia na chumvi yake, vyote viwili vya nguvu moja. Vijana kumi wamepata 4.74. Mtoto wetu wa Olbalbal, peke yake, amepata 9.26. Wale kumi wanamcheka, naye anakwenda nyuma ya tangi la maji akalie. Kumbe yeye ndiye aliyepata! Wale kumi walikokotoa vizuri hadi hatua ya mwisho, kisha wakasahau kutoa katika 14. Laiti mmoja wao angetulia kidogo, angekumbuka kwamba amonia ni besi, na besi haiwezi kuwa chini ya 7. Lakini nani atulie, na kelele zile? Walipiga kura, na kura zao kumi hazikuweza kuigeuza amonia kuwa asidi. Umati uliokusanyika mbele ya Pilato ulikuwa mkubwa, tena ulikuwa na sauti moja.

Hatusemi kwamba aliye peke yake huwa sawa siku zote. Mara nyingi amekosea, na yampasa akubali. Twasema tu kwamba machozi yale ya nyuma ya tangi yalitolewa bure, na kwamba hata wale kumi, wakija kulijua kosa lao, hawana sababu ya kulia kana kwamba swali zima limepotea, maana katika hesabu za namna hii msahihishaji huzitazama hatua pia wala si jibu la mwisho peke yake.

Kuna dhambi ndogo inayozaliwa mahali hapo, ambayo wengi hawaifikirii wanapojitayarisha kwa Kitubio. Ni kusema, “Na mimi niliandika hivyo hivyo,” hali hukuandika hivyo. Uongo huu hauongezi hata nusu alama. Unamdanganya jirani, unamwongezea hofu yule aliyekiri kosa lake waziwazi, na unamzoeza msemaji kuishi kwa uso usio wake. Kijana anayetamani kuwa daktari, naye hawezi kusema “nimekosa” juu ya tarakimu moja, atasemaje siku atakapokosea kipimo cha dawa ya mgonjwa?

Na kuna dhambi kubwa zaidi. Pengine katika kundi lile yumo mmoja aliye kimya, ambaye majibu yake yote ni sawa, na jasho linamtoka. Aliyajua maswali kabla ya siku. Msidhani twasema hadithi. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba katika halmashauri nzima ya Chemba, na katika baadhi ya shule za mahali pengine, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakarudia mtihani mwezi wa Oktoba. Watoto wadogo walirudi kuketi tena kwa ajili ya hila ambazo wao hawakuzibuni. Mtu mzima anayempa mtoto mtihani wa wizi, hata akidai kwamba anamhurumia, anamwibia kitu kisichorudishwa kwa mtihani wa marudio: anamnyima nafasi ya kujua kama anaweza.

Tena tusisahau elimu hii ni ya nini. Katika sehemu nyingi za Mkoa wa Arusha maji ya ardhini yana floraidi nyingi mno. Hutia meno ya watoto rangi ya kahawia, na ikizidi sana huharibu hata mifupa. Ipo njia ya kuipunguza kwa kuchuja maji katika mkaa wa mifupa ya wanyama. Nayo ni kemia, na mifupa haikosekani kwa wafugaji. Anayestahili kukabidhiwa kazi kama hiyo ni yule anayejua kwa hakika kile ambacho cheti chake kinasema anakijua.

Sasa tuje kwa yule aliyekosea kweli. Swali lilikuwa gumu, saa zikaisha, nusu ya karatasi ikabaki tupu. Shetani humjia saa ile ile na neno moja tu: “Yamekwisha.” Kijana mpenzi, Kanisa lina watakatifu waliosimama pale uliposimama wewe. Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars, alishindwa mtihani wa seminari kwa sababu ya Kilatini. Mwaka 1929 Papa Pio XI alimweka kuwa msimamizi wa maparoko wa dunia nzima. Yosefu wa Kupertino alikuwa mzito wa masomo kupita wote, na yasimuliwa kwamba askofu alimwuliza fungu lile moja tu aliloweza kulieleza. Wanafunzi humwomba msaada hata leo, na twadhani yeye huwahurumia kuliko watakatifu wenye akili nyingi.

Wengine huuliza: Je, yafaa kusali baada ya mtihani, hali karatasi imekwisha kufungwa? Yafaa sana, ila ujue unaomba nini. Pilato aliambiwa abadilishe maneno aliyoyaandika juu ya Msalaba, akakataa. Nayo bahasha haitafunguliwa usiku ili 4.74 igeuke kuwa 9.26. Mwenyezi Mungu haghushi karatasi za mtihani. Omba usingizi. Omba macho mema kwa msahihishaji ambaye mbele yake pana rundo refu. Omba nguvu kwa ajili ya karatasi inayofuata, maana bado kuna ile ya vitendo, na mkono unaotetemeka kwa huzuni ya jana hausomi vema mstari wa bureti. Bwana Wetu alipotufundisha kwamba kila siku ina taabu yake ya kuitosha, hakuwa akisema na watu wasio na taabu.

Nanyi wazazi wa Kikristu, kijana akiazima simu na kupiga nyumbani jioni ile, msianze na “Umefaulu?” Yeye hajui, na matokeo hayatoki hadi wiki nyingi zipite. Mama wa Olbalbal, ambaye hajapata kusikia neno pH maishani mwake, ataweza kumsaidia kuliko rafiki zake wote kumi. Amwulize kama amekula. Amweleze kama mvua imenyesha, ng’ombe yupi amezaa, na nani anamngojea. Kisha amwache akalale, kwa sababu kesho saa mbili asubuhi kengele italia tena.