Punda, Mzigo na Mipaka ya Utu

Methali yetu husema: punda afe, mzigo ufike. Anayeitumia kwa kawaida hana habari na punda. Anahimiza kazi ikamilike kwa gharama yoyote. Lakini tuisome kwa jicho la sarufi. Punda "afe", mzigo "ufike". Punda anachukua upatanisho ule ule wa mtu, mtoto na mgeni. Mzigo umewekwa pamoja na mti na mkate. Kiswahili, basi, kinatambua kwamba punda na mzigo si wa jamii moja. Ni sisi wasemaji tunaoamua kwamba kinachostahili kuokolewa ni mzigo.

Uamuzi wa aina hii Richard Ryder aliupa jina huko Oxford mwaka 1970, na Peter Singer akaujadili kwa kina katika Animal Liberation, kitabu cha mwaka 1975: ubaguzi wa spishi. Hoja yao ni nyepesi kuieleza, nzito kuikwepa. Ikiwa rangi au jinsia ya anayeumia haipunguzi uzito wa maumivu yake, kwa nini umbo la mwili wake liupunguze? Tukijibu kwamba mnyama hana lugha wala hafikirii ya kesho, mtoto mchanga naye hana hayo, na hakuna anayeona kuwa ni halali kumchapa fimbo.

Wala swali hili halikuzaliwa Oxford. Katika karne ya 10, Ikhwan as-Safa wa Basra waliandika kisa ambamo wanyama wanamshtaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, wakimtaka athibitishe haki yake ya kuwatumikisha. Mwishoni binadamu anashinda, lakini ni baada ya wanyama kuzijibu hoja zake za umbo, nguvu na ujanja. Na Surat al-An'am, aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka katika neno tulipendalo: utu. Limetokana na mtu, na kinyume chake tunakiita unyama. Je, si haki mtu kumpendelea mtu mwenziwe? Mwanafalsafa Bernard Williams alitetea upendeleo huo, nami nakubaliana naye kwa sehemu. Nyumba ikishika moto, nitamtoa mtoto kabla ya paka. Lakini kumtanguliza mmoja si kumfuta mwingine. Mama anayemlisha mwanawe kwanza hajapata idhini ya kumtesa mtoto wa jirani.

Tazama sasa biashara ya ngozi za punda, ambazo huchemshwa nchini China ili kupata ejiao, gundi inayotumiwa kama dawa. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaazimia kuusitisha barani kote kwa miaka 15. Ni hatua njema. Hata hivyo, sababu iliyosikika zaidi ilikuwa riziki ya wenye punda: mwanamke anayebebewa maji, mkulima anayefikishiwa mazao sokoni. Sababu hiyo ni ya kweli, ila inamwokoa punda kwa kuwa ni chombo. Siku pikipiki itakapokuwa rahisi kuliko yeye, atabaki bila wakili. Methali itakuwa imebadilika kidogo tu: punda aishi, ili mzigo ufike.

Sidai kwamba kila ufugaji na kila uchinjaji ni dhuluma; huo ni mjadala wa peke yake. Ninachodai ni kidogo zaidi, ingawa kwetu tulio ughaibuni, tunaonunua nyama iliyokwisha kukatwa na kufungwa plastiki, si chepesi kukitimiza. Maumivu ya mnyama yahesabiwe hata pale ambapo hayana faida wala hasara kwa mtu, na tuulize yalikuwa kiasi gani kabla ya kuuliza bei. Wazee waliotufunza kwamba kisu kinolewe vizuri, tena kisinolewe mbele ya mnyama, walilifahamu jambo hilo. Kisu kikali hakiongezi utamu wa nyama. Kilinolewa kwa ajili ya anayechinjwa.